Nani Ameonja Kwanza?

Mnapenda kuniuliza, nyie vijana mliovaa makoti meupe pale kiwandani, kama kazi ya kuonja ilikuwa inanilewesha. Nimechoka kujibu. Miaka yote niliyoonja pombe kali pale nje kidogo ya Omurushaka sikulewa hata siku moja, kwa sababu nilionja nikiogopa, na mtu mwenye hofu halewi. Niliogopa nikiwa njiani kwenda kazini, nikaogopa glasi ikiwa mkononi, nikalala nikiogopa. Siku ya kustaafu nilirudisha koti na funguo. Hofu nilikuja nayo nyumbani. Sasa kaeni niwaambie ilikotoka, maana nilipopita juzi kuwasalimia niliwaona mnaonja kama watu wanaokunywa soda kwenye sherehe ya kipaimara.

Kaka yangu aliitwa Kaijage. Kwetu ni Rugera, watu wa migomba na kahawa, na yeye alikuwa mkulima kama baba yetu, mtu wa kucheka, asiye na ugomvi na mtu. Jioni moja alikunywa gongo kwa jirani, kama wenzake walivyokunywa. Asubuhi yake nilipita kumsalimia. Jua lilikuwa limeshapanda, kuku wako uani, mimi nimekaa mlangoni kwake namenya ndizi. Kaijage akaamka, akakaa kitandani, akaelekeza uso pale mlangoni nilipo, akaniuliza, "Adelina, mbona leo hakuchi?"

Nikadhani ni utani wake. Nikamwambia aamke, uji unapoa. Akauliza tena, polepole, na safari hii nikamtazama vizuri. Macho yalikuwa wazi kabisa, na hayakuniona. Kisu kilinitoka mkononi. Kaka yangu hakuona tena mpaka tulipomzika.

Aliacha mtoto mmoja, Mujuni, na mama wa mtoto alikuwa ameshafariki. Mimi sikujaliwa kuzaa. Kwa lugha yetu neno lenyewe la shangazi maana yake ni baba wa kike, basi nikawa baba. Nilimlea, nikamsomesha, na alipokua nikamsimulia ile asubuhi ya baba yake bila kumficha neno. Alikuwa na macho yaleyale ya Kaijage, makubwa, yanayoanza kucheka kabla ya mdomo. Mkitaka kujua nilichokiogopa kuliko vyote duniani, ni hicho. Niliyaogopea macho ya Mujuni.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikwenda kuomba kazi kwenye nyumba ya nyoka. Mutalemwa, mfanyabiashara Mlutheri aliyetokea Muleba, alikuwa amefungua kiwanda kidogo chenye leseni, cha pombe kali ya ndizi na kimea cha mtama. Alitafuta watu wa kuosha chupa, nikaenda. Watu wa Rugera walinisema sana. Walisema pombe imempofusha kaka yake, na yeye huyo anakwenda kuitumikia. Mimi niliwaza hivi: watu watakunywa tu, upende usipende, kwa hiyo afadhali mlangoni pawe na mtu mwoga.

Mpishi mkuu wa mtambo alikuwa Ta Bashaija, yaani Mzee Bashaija, mtu mwembamba, mkali, asiyecheka mpaka Jumapili. Siku moja alinikuta kwenye karo nanusa kila chupa kabla ya kuiosha na baada ya kuiosha.

"Wewe mama, unaosha chupa au unazibusu?"

"Naogopa, Ta Bashaija."

"Unaogopa chupa tupu?"

"Sijui kilichokuwemo."

Akaichukua ile chupa, akainusa na yeye. Halafu akaniambia niache sabuni, ninawe, nimfuate kwenye mtambo. Akasema amezungukwa na mashujaa, na mashujaa ndio watakaompeleka jela. Anamtafuta mwoga. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuonja.

Alichonifundisha sasa mnafundishwa na mashine, lakini sikilizeni, maana umeme hukatika. Pombe inayotoka mwanzo kabisa kwenye mtambo ni mbaya. Inanuka kama ile dawa wanayofutia rangi ya kucha. Hiyo haimwagwi kwenye ndoo ya kunywewa hata kama mwenye kiwanda amesimama hapo analia hasara. Ya katikati ndiyo ya watu. Ya mwisho inanuka kitambaa kilicholowa kikasahaulika, nayo hurudishwa kupikwa upya. Weka tone kiganjani, sugua viganja, nusa. Kwanza utasikia moto. Moto ukishaondoka, ngoja. Atakuja ndizi, nyuma yake atakuja mtama.

"Pombe ya kweli ina mama," Ta Bashaija alikuwa akisema. "Mwite mama yake. Asipokuja, usimeze."

Halafu akaniambia jambo lililoniondolea usingizi. Alisema iko sumu ambayo ulimi hauijui. Ile ya mwanzo wa mtambo inajitangaza kwa harufu yake. Lakini kuna spiriti za viwandani, za kuyeyushia rangi na kusafishia mitambo, ambazo mtu mwenye tamaa akizitia maji zinakuwa pombe tu mdomoni. Hazichomi zaidi, hazinuki zaidi. Utazijua kesho yake, ukiamka. Nilimuuliza sasa mwonjaji anafanya nini mbele ya kitu kama hicho. Akasema, "Anaogopa. Ndiyo kazi yake."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kuonja, nilikuwa siwezi kufumbua macho kabla ya kusali. Nina picha ya Bikira Maria ukutani, mwenye vazi la buluu. Namaliza sala, nafumbua jicho la kwanza, naitafuta ile buluu. Nikiiona ndipo naamka. Mnacheka. Chekeni tu, wenye macho mazima.

Na kutema jifunzeni. Kwetu kutema pombe ya mtu ni kumtukana, na mimi mwanzoni nilitema nikiwa nimempa Ta Bashaija mgongo, kama mtoto anayetapika kanisani. Akanigeuza kwa bega. Akasema ndoo ile si ya matusi, ni ya usalama. Pia msitafune akamwani kabla ya kuonja. Najua ni kahawa yetu, najua mgeni hupewa akifika, lakini inaufunga ulimi mpaka mchana. Na yule binti niliyemkuta juzi amejipaka marashi mpaka nyuki wamemfuata ndani, nimemsamehe, ila asirudie.

Sasa niwaambie habari ya wiski ya Kiingereza, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Dada mdogo wa Mutalemwa aliolewa Uingereza. Mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha wiski huko, katikati ya mashamba ya shayiri, kiwanda chenye watu wachache kama chetu. Walikuja likizo, na yule bwana akaja na chupa tatu za wiski mpya ambazo zilikuwa hazijaanza hata kuuzwa. Ni wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, haikuchanganywa na kitu kingine. Mutalemwa alikuwa na ndoto ya kutengeneza kama hiyo kwa kimea cha mtama wetu, akataka sisi tuionje. Jina la yule bwana lilitushinda kulitamka, tukamwita Shemeji, kiwanda kizima.

Tukaketi wanne: Mutalemwa, Ta Bashaija, mimi na Shemeji. Shemeji akafungua chupa ya kwanza, akatumiminia sisi kwanza, kwa adabu zote, kisha akajimiminia mwenyewe mwisho. Akaweka mikono mapajani, akatabasamu, akangoja tunywe.

Hakuna aliyegusa glasi.

Mnajua sababu. Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayekionja kwanza, mbele ya macho ya wote, ameze, watu waone kwamba hakina jambo. Iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusini, iwe ya matanga, iwe ya jirani mliyenyonya naye ziwa moja. Hilo hata mtoto analijua. Lakini nani wa kumwambia mgeni aliyetoka ng'ambo na zawadi yake? Shemeji akadhani wiski inanuka vibaya. Uso ukaanza kuwa mwekundu. Akaeleza habari za shayiri, za mapipa, za maji ya kisima chao, naye Mutalemwa anatafsiri kila neno. Na huyo Mutalemwa amesoma, amekaa Dar es Salaam, anavaa tai siku za kazi, lakini mkono wake ulikuwa umetulia palepale juu ya goti.

Mwisho Ta Bashaija akakohoa. "Mwambie shemeji yako maneno ni matamu," akasema, "ila atutoe hofu kwanza."

Alipoelezwa, yule bwana alicheka mpaka akapangusa machozi. Akanywa glasi yake yote, akafungua mdomo kutuonyesha kuwa imekwenda. Basi tukanywa. Na kila chupa iliyofuata alisimama, akaonja yeye kwanza, akainama kidogo kama padre altareni.

Ile ya kwanza ilikuwa changa, rangi ya majani makavu ya mgomba, ikaniuma ulimi kama tangawizi mbichi. Nikaanza kuichukia. Shemeji akachukua kijiko cha chai, akadondosha maji kidogo tu kwenye glasi yangu, akaniashiria ningoje. Nikangoja. Moto ukashuka, halafu kikapanda kitu ninachokijua tangu utotoni: kimea kinachoanikwa juu ya majani ya mgomba, mvua ikiwa imekatika hivi punde. Shayiri ya kwao, mtama wa kwetu, lakini ni ndugu. Nikasema, "Ta Bashaija, mama yake amekuja." Mzee akainusa, akaitikia kwa kichwa taratibu. Shemeji alipotafsiriwa alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nikaona huyu naye anaipenda kazi yake.

Ya pili ilikuwa imelala kwenye pipa lililowahi kukaa mvinyo, ina zabibu kavu na asali. Ya tatu ilijaa moshi. Ta Bashaija aliinusa akairudisha mezani. "Hii imelala jikoni kwa mama mkwe," akasema, na hiyo haikuwa hata Jumapili.

Ndiyo siku niliyojifunza lile tone la maji. Kiganja kilikuwa cha Ta Bashaija, maji yalikuwa ya Shemeji. Vyote viwili vinauliza swali moja: mama yake yuko wapi?

Muda ukapita. Ta Bashaija aliugua mafua makali, yakaisha, lakini harufu hazikurudi. Alinusa moshi asijue ni moshi. Akaniita akaniambia, "Pua yangu imekufa, Adelina. Woga wako utafanya kazi ya pua mbili." Akastaafu, mimi nikakaa kwenye kiti chake.

Mujuni wakati huo ameshakuwa fundi seremala hapo mjini, na amepata mchumba, Editha, binti wa Nyabiyonza. Baba yake Editha ni Ta Tumwesige, mkulima wa kahawa, mtu anayeheshimika na anayependa kuheshimiwa. Siku ya kwenda ukweni tulijipanga: mimi kama shangazi, Ta Bashaija kama mshenga wetu, Mujuni mwenyewe, na wabebaji wa vibuyu vya rubisi. Ta Tumwesige alikuwa ametuma neno kwamba angependa pia chupa za kiwandani, kwa sababu mkwe anatoka kwenye nyumba ya mwonjaji wa kiwanda.

Mujuni alizinunua dukani bila kuniambia. Tulipokuwa njiani ndipo nikaona kreti, na lebo ni yetu, vifuniko vipo.

"Mbona hukuniambia nizitoe kiwandani?"

"Shangazi, ungezionja zote. Ningefika ukweni na chupa nusunusu."

Gari zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilijisikia fahari, msidhani. Mtoto wa Kaijage anakwenda kuoa, na mkononi ana chupa niliyoikubali kwa ulimi wangu. Ndivyo nilivyodhani.

Nyumba ya Ta Tumwesige ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, watu wameshonana. Salamu zikaenda, akamwani zikapita, Ta Bashaija akasema maneno yake vizuri. Rubisi ikaonjwa, ikanywewa. Halafu Mujuni akachukua chupa, akaifungua, akamimina kwenye kikombe kidogo. Desturi ni kwamba aonje yeye, ameze, ndipo ampe baba mkwe kwa mikono miwili.

Sikilizeni sasa. Chupa yetu ikifunguliwa, chumba kizima kinajua. Ndizi inatangulia kukusalimia kabla hujaulizwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi karibu na miguu ya Mujuni, na nilingoja ile salamu. Haikuja. Kilichokuja ni kitu chembamba, kisafi, cha baridi, kama pamba anayokupaka muuguzi kabla ya sindano.

Nikajiambia ni akamwani imenifunga. Nikajiambia ni jasho la watu. Mujuni akainua kikombe. Na mimi nikaisikia ile sauti, mchana kweupe, katikati ya watu: mbona leo hakuchi?

"Mujuni, subiri."

Ta Tumwesige akanigeukia. "Shangazi, kuna nini?"

"Naomba nionje mimi kwanza."

Minong'ono ikapita kwa wanawake. Ta Tumwesige hakupandisha sauti. "Anayeonja ni aliyeleta," akasema. "Au mmeniletea kitu ambacho wenyewe hamkiamini?"

Mujuni akainama akaninong'oneza, "Shangazi, usiniaibishe. Nakuomba." Sijawahi kumnyima kitu yule mtoto. Nilinyoosha mkono nikachukua kikombe.

Kidogo kikanimwagikia kitenge. Nikaweka tone kiganjani, nikasugua, nikanusa. Nikaomba maji, nikadondosha kidogo kwenye kikombe, nikangoja, na chumba kizima kinaningoja mimi. Mahali pengine kuku alilia. Nilimwita mama wa ile pombe kama anavyoitwa mtu aliyezama. Hakukuja ndizi. Hakukuja mtama. Nyuma ya ule moto hakukuwa na mtu.

"Hii siyo yetu," nikasema. "Chupa ni yetu, kilichomo siyo chetu. Mujuni, usinywe."

"Una hakika?" Ta Tumwesige akauliza.

Hapo ndipo pagumu, vijana wangu. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hofu tu. Nikamjibu kweli, kwamba sina.

Akasimama. Alisema hajawahi kusikia mtu anakwenda kuposa na sumu mkononi, tena anajitangaza mwenyewe. Akasema kama ni fitina, aambiwe. Kama si fitina, basi mshenga wetu anywe, na mazungumzo yaendelee. Asipokunywa mtu wa upande wetu, tubebe vyetu.

Ta Bashaija akanyoosha mkono. "Nipe, Adelina. Mimi nimeshaona ya kuona." Mzee asiye na pua, angekunywa kitu kile kama maji ili harusi isivunjike, na angekunywa akijua ninachokijua. Nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili, nikagoma. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Ndipo Mujuni akakichukua yeye. Alikitoa mikononi mwangu kwa upole. Akatazama pazia la chumba cha ndani, na wote tulijua nani yuko nyuma yake. Akakiinua. Nilishika upindo wa suruali yake.

Akainama, akakimimina kwenye nyasi.

"Baba, naomba radhi," akamwambia Ta Tumwesige. "Mimi nimelelewa na huyu."

Tukaondoka tukiwa tumeinamisha vichwa. Kwa haraka na aibu, ile chupa iliyofunguliwa tuliiacha mezani.

Hamjui aibu nyie. Habari ilifika Omurushaka kabla yetu. Nikipita sokoni nilisikia, huyo ndiye mwonjaji anayeogopa pombe yake. Mutalemwa aliniambia nimelitia jina la kiwanda matope mbele ya watu, kisha, kwa kuwa ni mtu makini, akazichukua chupa zilizobaki kwenye kreti akazipeleka kupimwa mbali huko kwenye maabara. Majibu yakachelewa. Na Mujuni, mtoto wangu, alikuwa anakuja, ananiamkia, anakula, anaondoka. Siku moja alisema akiwa anatazama sahani: "Ungeniacha ninywe, shangazi. Labda sasa hivi ningekuwa na mke."

Nikamwongezea ndizi kwenye sahani. Nilikuwa na hofu nyingine mpya. Je, kama ni pua yangu iliyokufa? Kama ilikufa palepale, kama ya Ta Bashaija, na mimi nimevunja nyumba ya mtoto kwa ajili ya mafua? Nilikuwa nachuma majani ya mchaichai naenda kuyanusa nyuma ya nyumba, watu wasinione. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu siku zile kicheko kilikuwa cha watu wengine.

Asubuhi moja pikipiki ilisimama kiwandani, akashuka Ta Tumwesige, amekumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mayai. Nilijua ni ugomvi. Nikamkaribisha kiti, akakataa kukaa. Akafunua kitambaa. Ilikuwa ile chupa.

"Mlipoondoka nilikuwa na hasira sana," akasema. "Nikamimina kikombe, kikajaa. Nilitaka ninywe chote, kisha kesho yake nije mpaka hapa nikuonyeshe macho yangu, uone haya. Nikainua mpaka hapa." Akagusa kidevu. "Nikakumbuka hakuna aliyeonja. Tangu nizaliwe, Ma Adelina, sijanywa pombe ya mgeni ambayo mwenyewe hajaionja kwanza. Mkono ulikataa. Nilijilazimisha, ukakataa. Nikarudisha kwenye chupa."

"Kwa nini hukuimwaga?"

"Nilitaka kujua. Halafu nikaogopa kuijua. Nimeificha darini, nashuka, napanda kuangalia kama ipo, maana nyumba ina wajukuu. Silali. Ichukue, imenimaliza."

Alikaa sasa. Alikuwa anaogopa kama mimi siku ile, na kwa mara ya kwanza nikampenda yule mzee.

Majibu ya vipimo yalikuja baadaye, ya zile chupa zilizofungwa na ya ile iliyofunguliwa. Mutalemwa aliyasoma, akavua miwani, akanipa mkono. Ilikuwa ile ambayo ulimi hauijui, ya kutosha kuifanya nyumba nzima ya Ta Tumwesige isione kukikucha. Mtu alikuwa anaokota chupa zetu tupu, anazijaza, anazifunga upya. Mwenye duka alisema aliletewa na kijana wa pikipiki asiyemfahamu. Hakupatikana. Kwa hiyo mnapoambiwa mvunje kila chupa inayorudi ikiwa na lebo iliyochanika, na mjue kila duka linalochukua mzigo, msinung'unike kwamba mzee Mutalemwa ana wasiwasi kupita kiasi. Yule mtu bado yupo mahali. Nami ninapopita Omurushaka nikiona pikipiki imebeba kreti, nasimama naitazama mpaka ipite.

Harusi ilifungwa. Kila kilichonywewa nilikionja mwenyewe, na ukumbini Mujuni alimpelekea baba mkwe wake kikombe, akaonja kwanza, akameza, watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama koo.

Nililala kwao, kama inavyompasa shangazi. Asubuhi nikasali, nikafumbua macho, nikakumbuka sipo kwangu na picha ya buluu haipo. Ukuta wa nyumba ngeni ulikuwa mweupe, nikauona, nikashukuru. Lakini niliyemwogopea sikuwa mimi. Nikatoka, nikakaa mlangoni, nikachukua ndizi na kisu, nikaanza kumenya huku nikisikiliza chumba chao. Jua lilikuwa limeshapanda. Kuku wako uani. Kisu kilikuwa kinanitoka mkononi.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mujuni akaja na usingizi usoni, akasimama kwenye mwanga, akakodoa macho. Akaona ndizi, akaona kisu, akaona ninavyomtazama. Akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Kumekucha."

"Marahaba, baba," nikamjibu, nikaendelea kumenya.